Jinsi Bakteria Mpya Anavyopewa Jina

Mtu akiona ndege asiyemjua aweza kumtambua kwa manyoya, mdomo na mlio wake. Bakteria hana manyoya wala mlio, na wengi wao wafanana kama punje za mchele. Je, mtaalamu hujuaje kwamba huyu ni mpya, wala si yule aliyekwisha kuandikwa zamani? Nitaeleza kwa kisa cha Japani.

Katika mji wa Sakai, mahali pa kutengenezea upya chupa za plastiki, wataalamu walichukua sampuli 250 za udongo, tope na maji machafu. Walitafuta kiumbe awezaye kula plastiki iitwayo PET, yaani ile ya chupa za maji na soda. Katika sampuli moja utando wa plastiki ulionekana kuliwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumtenga mlaji huyo. Tope lina bakteria wa namna nyingi, na ukiwapima pamoja hujui nani mwenye tabia gani. Alipopatikana peke yake alipewa alama tu: 201-F6.

Kazi ya pili ni kutazama umbo na tabia. Kwa darubini alionekana kama kijiti chenye mkia mmoja wa kuogelea. Alihitaji oksijeni, akasitawi vyema katika joto la nyuzi 30 hadi 37.

Kazi ya tatu ni kutafuta nasaba. Kila bakteria ana jeni iitwayo 16S, yenye herufi zipatazo 1,500, nayo hubadilika polepole mno. Herufi hizo hulinganishwa na za bakteria wanaojulikana. Zikifanana chini ya 98.7 katika 100, yaelekea sana kuwa ni spishi mpya. Zikizidi hapo, neno halijakatika, bali yapasa kulinganisha DNA yote. Bakteria wa Sakai alionekana ni wa jenasi ya Ideonella, lakini si sawa na ndugu zake waliotangulia.

Mwisho huja jina, nalo huandikwa kwa namna ya Kilatini: la kwanza la ukoo, la pili lake mwenyewe. Mwaka 2016 aliitwa Ideonella sakaiensis, maana yake wa Sakai. Kanuni yataka bakteria mpya awekwe hai katika hazina mbili za nchi mbalimbali. Huyu aliwekwa Japani na Thailand, ili mwenye shaka apate kumpima mwenyewe.

Watu waliposikia habari zake, wengine walidhani taka za plastiki zimepata dawa. Sivyo. Utando mwembamba tu ulimchukua majuma sita kuumaliza, katika joto la nyuzi 30. Tena mifuko mingi ya plastiki ni ya polithini, si PET, wala si chakula chake. Basi atupaye chupa mtaroni asimtegemee.

Ndiyo faida ya kumjua kiumbe barabara: twajua aliwezalo na asiloliweza. Bakteria wengi wa udongo hawajapewa jina bado, hata wale walio chini ya miguu yetu uwanjani. Mwanafunzi atakaye kuwatambua na aanze sasa kujizoeza kutenga, kupima, kulinganisha, na kuandika aliyoyaona bila kuongeza chumvi.