Hesabu ya Tajiri na Njia ya Zege

Kwa kawaida dereva wa daladala wa Tandika au Tegeta, jijini Dar es Salaam, hana mshahara. Jioni humkabidhi tajiri, yaani mwenye gari, hesabu waliyokubaliana. Kinachosalia baada ya mafuta ndicho anachogawana na konda. Ndiyo maana gari halitoki kituoni mpaka lijae, likishatoka linafukuzana na wenzake, na foleni ikizidi linakatisha ruti. Mwanafunzi anayelipa nauli pungufu huachwa barabarani. Faini na semina za ustaarabu hazijamaliza tabia hizo, kwa kuwa chanzo chake ni malipo.

Daladala zenyewe zilikuja kuziba pengo. Shirika la umma, UDA, lilielemewa na uchakavu wa mabasi na uhaba wa vipuri huku mji ukipanuka, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria.

Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulikusudia kubadili zaidi ya barabara. Katika mpango wa wakala wa DART, mwendeshaji alipwe kwa kilomita, na ukusanyaji wa nauli uwe mikononi mwa mwingine. Anayelipwa kwa kilomita hana sababu ya kugombania abiria. Mei 2016 mwendokasi, kama mabasi hayo yanavyoitwa, ilianza safari kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, Kinondoni. Mwendeshaji, UDA-RT, alikuwa wa mpito, akiwa na mabasi 140 tu.

Upungufu wa mabasi haukuisha, na misongamano vituoni ikawa kawaida. Karakana nayo ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, ambako mafuriko yaliharibu mabasi na kusimamisha safari mara kwa mara.

Temeke ilionyesha udhaifu mwingine. Barabara ya Kilwa ilipata njia ya zege ya takriban kilomita 20 hadi Mbagala, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, lakini njia ilitangulia mabasi. Safari zilianza Oktoba 2025. Zege lina mkandarasi na mkopo unaojulikana mapema. Mabasi yanahitaji mwekezaji anayeamini kwamba nauli iliyopangwa itamrudishia fedha zake.

Kisha kuna kipande kabla ya kituo. Mkazi wa Chamazi hufika kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, kwa daladala, bajaji au bodaboda, halafu hulipa tena mwendokasi. Mabasi mlisho, ya kumfikisha abiria kituoni, yalikuwamo kwenye mpango tangu mwanzo. Bila tiketi moja inayounganisha safari hizo mbili, anayeishi mbali ndiye anayelipa zaidi.