Kisii hadi Lamu: Maji Yaliyogeuzwa Kufuli

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni iliwakamata viongozi wa dini ya Mumbo huko Kisii na kuwapeleka Lamu. Kwa nini Lamu, ilhali Kisumu palikuwa karibu?

Tuanze na dini yenyewe. Mwaka 1913, Onyango Dunde, Mjaluo wa Alego, alisema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani kisha akatapikwa mzima, akiwa na ujumbe: wazungu wataondoka, watu wafuge nywele, waache nguo za kigeni. Kisii na Nyamira ya leo ujumbe huo ulikuta vidonda bado vibichi. Jeshi la Mwingereza lilikuwa limewapiga Wakisii mwaka 1905, likawarudia 1908 baada ya Mkisii aitwaye Otenyo kumchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote. Septemba 1914 Wajerumani waliuvamia mji wa Kisii na Waingereza wakaukimbia. Watu wakajionea kwamba mzungu naye hukimbia. Waumini wakaiunganisha Mumbo na Sakawa, mtabiri wao wa zamani, waliyemtazamia arudi.

Imani ya namna hiyo haifungiki ndani ya chumba. Mfungwa wa Kisumu hutembelewa na ndugu, na maneno yake hurudi kijijini kabla ya jua kutua. Dawa ilikuwa umbali, na Mwingereza alikuwa na uzoefu nao: kati ya 1788 na 1868 alisafirisha wafungwa zaidi ya 160,000 hadi Australia kwa merikebu za matanga.

Huku kwetu kazi hiyo iligawanywa kati ya ziwa, reli na bahari. Kutoka nyanda za juu za Kisii mtu alishuka hadi ziwani, akavuka Ghuba ya Winam kwa stima hadi Kisumu. Stima zenyewe zilianza kwa jasho: William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900, ililetwa vipande vipande, vingine mabegani mwa wapagazi, kwa kuwa reli ilikuwa haijafika. Kutoka Kisumu ni reli zaidi ya kilomita 900 hadi Mombasa, kisha bahari hadi Lamu, ambako majahazi yalifuata pepo za kusi na kaskazi.

Ngome ya Lamu ilikuwa jela tangu 1910, lakini ukuta mkubwa zaidi ulikuwa bahari. Mtu aliyelelewa kwa wimbi na maziwa, kwenye vilima vyenye baridi, alishushwa kwenye mchanga wa moto miongoni mwa wavuvi na mabaharia. Kikisii chake hakuna aliyekielewa. Na hata angetoroka, angemwomba nahodha gani ampeleke, na kwa lugha gani?

Ila hesabu hiyo ilikuwa na kosa. Serikali ilidhani imani hukaa ndani ya kiongozi, ukimwondoa nayo imeondoka. Kumbe imani hii ilikaa katika kodi ya kibanda, kazi ya lazima na kumbukumbu ya 1905 na 1908, na hayo yote yalibaki Kisii. Tena kuwapeleka ng'ambo ya maji watu walioamini mjumbe wao alitoka majini hakukuwavunja moyo wafuasi.

Mwaka 1954, miaka thelathini na ushei baada ya safari zile za Lamu, serikali hiyohiyo ilikuwa bado inaipiga marufuku dini ya Mumbo.