Mwanafunzi Atoke Vipi Darasani Siku ya Hatari, na Aelekee Wapi?

Kanama ni tarafa ya Wilaya ya Rubavu, katika Jimbo la Magharibi la Rwanda, kwenye barabara itokayo Gisenyi kwenda Musanze. Kituo chake cha biashara, Mahoko, kiko karibu na Mto Sebeya, mto ushukao kwa kasi kutoka milimani hadi Ziwa Kivu. Upande wa kaskazini-magharibi, ng'ambo ya mpaka, umesimama mlima wa volkeno Nyiragongo. Mkaazi wa Kanama, kwa hiyo, anaishi kati ya majirani wawili wasiobisha hodi.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 inakumbukwa na kila nyumba ya Rubavu. Jumamosi hiyo Nyiragongo ulitapika moto, na kwa siku kadhaa baadaye ardhi ilitetemeka mara nyingi, mitetemeko mikubwa ikipita kipimo cha 5. Kuta zilipasuka, barabara zikafanya nyufa, nyumba zikaanguka. Haikupita miaka miwili, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Jimbo la Magharibi, na Sebeya ukafurika ukaingia majumbani. Maafa hayo mawili yalianza watoto wakiwa kwao. Je, yangeanza saa nne asubuhi, darasa limejaa?

Watu wengi wakiulizwa hujibu upesi: watoto watoke nje. Jibu hilo ni nusu tu.

Mfano wa kusikitisha ulionekana Japani tarehe 11 Machi 2011. Katika shule ya msingi ya Okawa, mjini Ishinomaki, tetemeko kubwa lilipotulia walimu waliwatoa wanafunzi madarasani na kuwakusanya uwanjani. Hadi hapo kazi ilikuwa njema. Lakini bahari ilikuwa inakuja kwa njia ya mto, na nyuma ya shule palikuwa na kilima. Wakubwa walishauriana juu ya mahali pa kwenda, na muda wa karibu dakika 50 ukapita wakiwa papo hapo. Wimbi lilichukua watoto 74 na walimu 10. Mjini Kamaishi siku hiyo hiyo, wanafunzi wa shule ya kati waliozoea mazoezi walikimbilia mahali pa juu bila kungoja, wakawashika mikono wadogo wa shule ya msingi ya jirani, wakaokoka.

Kanama haina bahari, lakini ina mto na ina vilima, na funzo linaingia bila kusukumwa. Uwanja wa mpira ulio tambarare ni mahali salama ardhi inapotetemeka, kwa kuwa hakuna ukuta wa kumwangukia mtoto. Uwanja huo huo, ukiwa kando ya Sebeya, ni mtego maji yanapopanda. Nayo miinuko si yote ya kukimbilia, maana mteremko uliolowa na kukatwa udongo chini yake unaweza kuporomoka. Kwa hiyo kila shule haina budi kuwa na mahali pawili palipochaguliwa mchana wa amani, pamoja na mlio tofauti kwa kila hatari. Mlio wa kengele ya mkono au wa chuma cha gurudumu kilichotundikwa mtini unafaa kuliko kipaza sauti, kwa sababu haungoji umeme.

Sasa tuje kwenye kutoka kwenyewe. Wakati wa tetemeko mtoto asikimbie ardhi ikiwa bado inacheza. Na ainame, aingie chini ya dawati, akinge kichwa na kushika miguu ya dawati mpaka mtikisiko upite. Aliye hatua mbili au tatu tu kutoka mlango wa chini uelekeao uwanjani, katika jengo hafifu la matofali mabichi, yeye atoke. Ardhi ikitulia, safu iliyo karibu na mlango hutangulia, mikoba huachwa, na mwalimu hutoka mwisho akiwa na daftari la mahudhurio. Mwanafunzi mlemavu apewe wenzake wawili wenye nguvu wanaojua kazi yao tangu siku ya kwanza ya muhula. Wasichaguliwe vumbi likiwa tayari limetanda.

Haraka nayo huua. Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega nchini Kenya, hapakuwa na moto wala tetemeko. Ilikuwa jioni ya kawaida, watoto wakishuka ngazi kwenda nyumbani. Wakasongamana, na 14 wakafa. Mlango nao una lawama zake. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, katika bweni la Kyanguli, Machakos, vijana 67 waliteketea. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Nondo zile ziliwekwa kwa nia ya usalama. Mzazi anayeombwa mchango wa kutengeneza madirisha ya shule angefanya vema kuuliza yanafunguliwaje kutoka ndani.

Kwa askari na polisi mambo haya si mageni. Wao wanajua kuwa kikosi kikishatoka hatarini, jambo la kwanza ni kuhesabu watu. Goma mwaka 2021, shirika la UNICEF lilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na wazazi wao katika kuukimbia moto wa Nyiragongo. Ndiyo sababu ya lile daftari la mahudhurio: jina huitwa, mtoto huitika, asiyeitika hutafutwa mara moja.

Kuna pia hatari isiyoonekana, ambayo wenyeji wa Goma huiita mazuku, yaani hewa nzito itokayo ardhini na kutuama mabondeni. Watoto wafundishwe kutojificha katika mashimo na vibonde volkeno inapochafuka.

Wazazi nao wana sehemu yao, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote. Mama asikiapo mtikisiko hutaka kukimbia moja kwa moja hadi shuleni, na nani atamlaumu? Lakini wazazi mia wakijaa langoni, watoto hawapiti, wala gari la wagonjwa halipiti. Yafaa mwanzoni mwa muhula mzazi ajulishwe mahali pawili pa kukusanyikia, na aandikishe jina la mtu mmoja, shangazi au jirani, anayeruhusiwa kumchukua mtoto iwapo baba yuko zamu na mama yuko sokoni Mahoko. Mwalimu humkabidhi mtoto kwa mtu huyo peke yake, na kuweka alama mbele ya jina lake daftarini.