Chombo cha Kandambili na Mipaka Yetu

Mapema mwezi wa Februari 2019 chombo cha ajabu kilitia nanga Unguja. Kilikuwa na urefu wa mita tisa, rangi za kila namna ubavuni, na kilikuwa kimetoka Lamu kwa pepo za Kaskazi, safari ya kilomita 500 iliyochukua wiki mbili. Aliyekitazama kwa mbali aliweza kudhani ni mashua ya harusi. Aliyekikaribia aliona kwamba kimevikwa kandambili.

Chombo hicho, kiitwacho Flipflopi, kilishushwa majini huko Lamu mwezi wa Septemba 2018. Fundi Ali Skanda na wenzake walikiunda kwa takriban tani 10 za plastiki, nyingi zikiwa zimeokotwa fukweni. Mkuku, mataruma na mbao zake vilitokana na taka zilizoyeyushwa, kisha zikachongwa kwa mikono kwa ufundi ule ule wa majahazi ya miti. Kandambili zipatazo 30,000 ndizo zilizokifunika.

Wako wasemao kwamba huo ni mchezo wa wenye nafasi, na kwamba sanaa haijazi chungu. Hatukubaliani nao. Kila mmoja wetu amepata kuiona kandambili ya mguu mmoja pwani, akaipita. Mafundi wa Lamu waliiokota wakaifanya itoe ushahidi. Na katika ubavu wa chombo kile hakuna awezaye kusema ipi ilivaliwa Mombasa, ipi Pemba, na ipi ililetwa na mkondo kutoka ng'ambo.

Hapo ndipo penye somo kwa wenye madaraka. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Kenya ilifuata mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019. Kwa zaidi ya miaka kumi visiwa vilivyotangulia kutunga sheria vilizungukwa na jirani ambao mifuko hiyo kwao ilikuwa halali, na maji hayasomi gazeti la serikali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini liko jambo zito zaidi. Mpaka wa bahari baina ya Tanzania na Kenya, katika maji ya Pemba, ulikubaliwa kati ya mwaka 1975 na 1976. Kabla ya hapo na baada yake, wavuvi wa Pemba wamekwenda dago pwani ya Kenya kufuata samaki, na baadhi yao wakafanya maskani huko. Watoto na wajukuu wao waliishi miongo kadhaa bila kitambulisho, hata Kenya ilipowatambua rasmi mwaka 2023. Kandambili ilivuka bila kuulizwa. Mwenye miguu ndiye aliyedaiwa karatasi.

Hatusemi mipaka ifutwe. Dola haina budi kujua eneo lake na watu wake. Tunasema kwamba mpaka unaomzuia mvuvi na kuruhusu taka umelinda kisichofaa kulindwa kwanza.

Kwa hiyo tunawahimiza viongozi wa pande zote mbili wakae pamoja, wapatanishe sheria zao za plastiki, na watazame kwa huruma na haki hali ya wavuvi wanaohama na pepo. Nasi wananchi tusiisingizie ng'ambo kila kitu. Chupa iliyotupwa mtaroni leo huteremka na mvua ya masika hadi baharini, na jirani yetu ndiye atakayeiokota. Kila shehia na isafishe ufukwe wake, na kila mzazi amfunze mwanawe kwamba bahari si jaa.

Lamu na Unguja zilijuana kwa pepo kabla ya kutenganishwa na ramani. Ujirani huo tusiuachie takataka peke yake kuuendeleza.