Mwalimu wa Lugha wa Magomeni na Bei ya Kongamano

Kwenye tangazo la kongamano la walimu, ada ya ushiriki ndiyo huandikwa kwa wino mzito. Mwalimu wa Kiingereza au Kifaransa anayeishi Magomeni huisoma, akaona anaimudu, akatuma kwa simu. Mengine huja baadaye: nauli, gesti, chakula, bando, na Jumamosi ya tuisheni iliyokwenda na maji. Hapa nimeyaweka yote mezani, ili mwenye laki moja au mbili za kujiendeleza mwaka huu ajue azipeleke wapi.

Cha karibu kabisa hakina ada. Serikali, kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, inaendesha MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu hukutana shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu, wakachambua mada ngumu na kufundishana wao kwa wao. Mwalimu wa Kiingereza ananufaika, kwa kuwa hakosi wenzake wawili watatu wa somo hilohilo. Kwa wa Kifaransa habari ni nyingine. Kifaransa, Kiarabu na Kichina yamo kwenye mtaala, lakini ni masomo ya kuchagua, na mara nyingi mwalimu wake ni mmoja tu shule nzima. Atasikiliza habari za darasa kubwa na utungaji wa mitihani, mambo ya maana kabisa, ila hatapata wa kumsahihisha matamshi wala wa kubishana naye namna ya kumweleza mtoto wa Kidato cha Kwanza kwamba kwa Wafaransa meza ni ya kike. Kwake kikao cha bure kinaishia katikati ya njia.

Huyo ndiye ninayemshauri atazame Upanga. Alliance Française ya Wafaransa na Goethe-Institut ya Wajerumani zote ziko huko, na Taasisi ya Confucius ya Wachina ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, tangu 2013. Kutoka Magomeni Mapipa unapanda mwendokasi kwa 750, unashuka Fire, kisha bodaboda au miguu kupitia Barabara ya Umoja wa Mataifa. Kwenda na kurudi, pamoja na sahani ya wali mchana, elfu kumi inatosha na chenji inabaki. Wenye lugha hizo wana haja na wewe kuliko wewe unavyodhani, kwani serikali zao zinataka lugha zisambae, na hazisambai bila mwalimu. Kwa hiyo uliza bila haya: mafunzo ya walimu yana ada ya kawaida au ya punguzo? Vitabu vinatolewa? Nauli inarudishwa? Wachina wamefika mbali zaidi, wana ufadhili maalumu wa walimu wa Kichina kwenda kusoma kwao unaolipia masomo, malazi, bima ya afya na posho ya kujikimu. Tiketi ya ndege kwa kawaida haimo, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mwalimu wa Kiingereza hana mwenye lugha anayembembeleza hivyo. Badala yake anao mtandao. British Council ina tovuti ya TeachingEnglish yenye kozi na mikutano ya bila malipo, na walimu wa Kifaransa nao wana jukwaa la IFprofs la Institut français, bure pia. Neno bure lisikupumbaze. Mkutano wa video wenye watu wengi unaweza kumeza karibu GB moja kwa saa. Mwaka 2021 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliweka bei ya bando kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. Kwa viwango hivyo GB moja inaanzia kama 2,100, na ukinunua bando dogodogo la siku inaweza kukaribia 9,600. Chukua mfululizo wa mikutano minane ya saa moja: mwenye bando la mwezi atatumia kama 17,000, na mwenzake anayeunga kidogo kidogo atatumia hadi 77,000 kwa mafunzo yaleyale. Tofauti hiyo imezidi ada ya semina nyingi. Kuzima kamera yako kunapunguza kidogo tu, maana kinachokula zaidi ni picha za wengine zinazoingia. Afadhali ujiunge kwa sauti peke yake, au mkae walimu wanne kwenye kompyuta moja ya shule mchange bando.

Mafunzo ya mtandaoni yana kasoro nyingine ambayo haina bei: hakuna anayekuona ukifundisha. Utasikiliza, utapewa cheti, na Jumatatu utafundisha vilevile ulivyofundisha Ijumaa. Ndiyo maana bado nayatetea makongamano ya kukutana uso kwa uso, hata ya mikoani.

Tuchukue mfano wa kongamano la siku mbili Dodoma, liwe la chama cha walimu wa Kiingereza, TELTA, au la chama kingine chochote. Treni ya SGR daraja la kawaida ni 31,000, kwenda na kurudi 62,000. Gesti ya staha tuseme 30,000 kwa usiku, mbili ni 60,000. Chakula cha siku tatu 45,000, bajaji na bodaboda za mjini 15,000, ada tuikadirie 50,000. Jumla ni 232,000. Ada iliyoandikwa kwa wino mzito haifiki hata robo yake.

Wengi hudhani wataokoa kwa kupanda basi. Kwa viwango vya mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, vya Desemba 2023, basi la daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita, na Dodoma ni kama kilomita 450, hivyo nauli ni karibu 21,800. Kwenda na kurudi umeokoa kama 18,400. Lakini basi linaanzia stendi ya Magufuli, Mbezi, na wewe uko Magomeni. Stesheni ya treni iko mjini, karibu na Kariakoo. Basi la mchana litakula siku nzima barabarani, kwa hiyo ili uwahi ufunguzi itakubidi utangulie siku moja na kulipa usiku wa tatu wa gesti, 30,000. Treni ikifika katika saa nne hivi, asubuhi ya siku ya kwanza inaweza kukutosha. Hapo basi limekuwa ghali kuliko treni. Kongamano likiwa Morogoro hesabu inabadilika: treni ni 13,000, basi chini ya 10,000, na ukiwa na ndugu Kihonda wa kukulaza na kukulisha, umemaliza kwa chini ya laki.

Sijagusa tuisheni. Walimu wengi wa Magomeni huishi kwa Jumamosi zao, na kongamano hupenda kuangukia Ijumaa na Jumamosi. Fedha hiyo haina risiti, lakini imetoka mfukoni. Mwenye wanafunzi ishirini wa tuisheni ana kongamano ghali kuliko asiye na hata mmoja, ingawa ada yao ni sawa.

Kisha angalia unapata saa ngapi za kujifunza. Kongamano letu la kawaida hufunguliwa na mgeni rasmi, mgeni rasmi huchelewa, halafu risala, picha ya pamoja na chai. Asubuhi imekwisha. Katika siku mbili ukipata saa nane za kazi ushukuru. Kwa 232,000 kila saa imekugharimu 29,000. Bei hiyo ni halali kama ndani yake kuna masomo ya mfano na wenzako kukukosoa. Kama ni maprofesa wakisoma slaidi, hapana. Njia ya kupunguza ni kupeleka ikisiri ya wasilisho lako mapema: baadhi ya vyama huwapunguzia ada watoa mada, na mkuu wa shule huandika barua ya ruhusa kwa wepesi zaidi akiona jina lako kwenye ratiba.

Ng'ambo nitapita haraka. Mwaka 2025 walimu wa Kiingereza wa IATEFL walikutana Edinburgh, na wa Kifaransa wa FIPF walikutana Besançon. Pasi ya kusafiria ni 150,000. Viza ya Uingereza Aprili 2025 ilipanda hadi pauni 127, zaidi ya shilingi 400,000, na ukinyimwa hairudishwi. Hujagusa tiketi ya ndege, na tayari umepita mara mbili ya safari ya Dodoma. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000 kwa mwezi. Bila mfadhili anayelipa kila kitu, achana nayo.

Wapo pia wanaofundisha Kiswahili kwa wageni, na Magomeni hawakosekani. Hao waanze Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lenye kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, kisha wafuatilie makongamano ya CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani. Kwao mtu mmoja waliyefahamiana naye ukumbini anaweza kuleta wanafunzi wa kulipa dola, hivyo safari ya mbali inaweza kurudisha gharama yake.

Chaguo ninaloliona bora kuliko yote halina tangazo wala bango. Walimu kumi na wawili wa lugha moja kutoka shule za Magomeni, Ndugumbi, Mzimuni na Makurumla wachange 5,000 kila mmoja. Ni 60,000. Chai na chapati 30,000, kurudufu 10,000, manila na maka peni za Kariakoo 10,000, na 10,000 iliyobaki iwe nauli ya mwezeshaji mmoja kutoka Upanga au Mlimani. Darasa la shule Jumapili mchana halina kodi mkuu wa shule akikubali, na Jumamosi ya tuisheni imesalimika. Kila mmoja anapata dakika kumi na tano za kufundisha na kukosolewa: saa tatu za kazi kweli, chini ya 1,700 kwa saa.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza mwenye laki mbili na ushee afanye vikao hivyo kila muhula, na aende Dodoma au Morogoro mara moja kwa miaka miwili, akiwa na mada yake. Wa Kifaransa au Kijerumani aipe Upanga kipaumbele, maana wenzake wako huko. Na yeyote anayetaka kulipa ada aombe ratiba ya saa kwa saa kwanza. Waandaaji wakishindwa kuitoa, asilipe.