Rilei Inayoamka Umeme Ukikatika

Tarehe 1 Aprili 2025 kampuni ya serikali ya UEDCL ilipokea usambazaji wa umeme wa Uganda kutoka kwa kampuni ya Umeme, iliyoushika kwa miaka 20, na mwezi huo huo wakazi wa Kampala wakalalamika sana kuhusu kukatikiwa. Ofisi zinazopiga simu kupitia intaneti huumia mara mbili, maana taa zikizimika na simu nayo inanyamaza. Mafundi wanaofunga vifaa vya kuunganisha simu za mezani na intaneti hutumia muda mwingi kwenye poti za mtandao: 5060, ambayo kwa kawaida huanzisha simu kwa itifaki ya SIP, na zile za UDP zinazopitisha sauti, ambazo zikizibwa simu hupokelewa lakini mmoja hamsikii mwenzake. Hayo miongozo inayaeleza vizuri. Kinachopuuzwa ni rilei ndogo ambayo baadhi ya vifaa hivi huwa nayo, na kwangu hiyo ndiyo akiba bora kuliko betri yoyote.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji umeme ili ifanye kazi. Inahitaji umeme ukosekane. Fikiria geti lenye springi inayolivuta lifunguke, na askari aliyeliegemea ili lisifunguke. Maadamu askari yuko macho, wageni wote wanapitia mlango wa mapokezi. Akisinzia hahitaji kumwamsha mtu wala kutoa amri, kwa kuwa springi inalivuta geti na njia ya zamani inakuwa wazi. Askari huyo ni koili: ikiwa na umeme, sumaku yake inavuta kipande cha chuma na simu inabaki upande wa intaneti. Umeme ukikatika sumaku inapotea, springi inarudisha chuma, na nyaya mbili za laini ya nje zinagusana moja kwa moja na simu ya mezani. Laini ya shaba huja na umeme wake, takriban volti 48 kutoka betri za kituo cha simu, ndiyo maana simu ya waya ya kawaida inaendelea kuita.

Wapo watakaosema UPS, yaani betri ya akiba, inatosha. Inatosha ikiwa rauta, swichi na kifaa cha fiba vyote vimechomekwa humo. Kimoja kikisahaulika, mnyororo umekatika. Wengine watauliza nani bado ana laini ya shaba, wakati fiba na simu za mkononi zimeenea. Hoja hiyo ina nguvu, lakini rilei haichagui chanzo cha laini. Kifaa cha mezani chenye laini ya simu ya mkononi, betri yake na tundu la simu ya kawaida kinaweza kuchomekwa mahali pa shaba, na minara mingi ya simu ina betri au jenereta. Mara nyingi ni tundu moja tu la simu linalookolewa, basi iwekwe simu ya mapokezi, isiwe ile isiyo na waya, kisha fundi achomoe plagi mchana na kusikiliza kama mlio wa laini upo kabla hajalipwa.