Msamaha wa Mfalme kwa Askari wa Adui

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mfalme hupatwa na shida isiyompata akipigana na taifa geni. Askari waliopangwa mbele yake ni raia zake mwenyewe. Akiwaangamiza, aiangamiza nchi yake. Akiwaacha hivi hivi, wengine watadhani kuwa kuasi ni jambo jepesi. Kwa ajili hiyo wafalme wengi wametoa msamaha wakati vita vingali vikipiganwa, ili askari wa upande wa pili waweke silaha chini na kurudi kwao. Habari za Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, na za mwanawe baada yake, zaonyesha wazi kwa nini msamaha wa namna hiyo mara hufaulu na mara hushindwa.

Charles alianza kutawala mwaka 1625. Kwa miaka mingi aligombana na Bunge juu ya kodi na juu ya dini, na mwishowe juu ya nani mwenye haki ya kuamrisha majeshi. Mwezi wa Julai, 1642, Bunge lilimchagua Robert Devereux, mwenye cheo cha Earl wa Essex, kuwa Jemadari Mkuu wa jeshi lake. Tarehe 9 Agosti Mfalme alitoa tangazo katika mji wa York, kwamba Essex na wafuasi wake ni waasi, lakini watakaoweka silaha chini katika muda wa siku sita watasamehewa. Siku sita si nyingi, hasa katika nchi ambayo habari zake zilichukuliwa kwa farasi. Zikapita, na jeshi la Essex likazidi kukua. Tarehe 22 mwezi ule ule Mfalme akaitweka bendera yake ya vita huko Nottingham.

Lakini uchache wa siku haukuwa kizuizi kikubwa. Kizuizi kilikuwa katika neno lenyewe la msamaha. Askari wa Bunge hawakujiona kuwa waasi hata kidogo. Waliambiwa na wakuu wao, na wengi wao waliamini kwa moyo safi, kwamba wanampigania Mfalme na Bunge pamoja, na kwamba kazi yao ni kumwokoa Mfalme katika mikono ya washauri wabaya. Mtu wa namna hiyo akipokea msamaha, amekiri kwamba alikosa. Ndiyo maana karatasi iliyoandikwa kwa wema wote iliweza kuonekana kama matusi machoni pa yule aliyeandikiwa.

Majeshi mawili yalikutana Jumapili, tarehe 23 Oktoba, 1642, chini ya kilima kiitwacho Edgehill katika jimbo la Warwickshire. Hii ndiyo iliyokuwa mapigano makubwa ya kwanza ya vita hivyo. Askari wa farasi wa Mfalme, wakiongozwa na Prince Rupert, mpwa wake, waliwavunja wapanda farasi wa Bunge na kuwafukuza mpaka kijiji cha Kineton, kisha wakashughulika na kuteka mizigo badala ya kurudi vitani. Huku nyuma askari wa miguu wa Bunge wakasimama imara. Sir Edmund Verney, mshika bendera wa Mfalme, aliuawa, na bendera yenyewe ikatekwa, ingawa baadaye ilirudishwa. Giza lilipoingia hapakuwa na mshindi. Usiku ule ulikuwa wa baridi kali, na asubuhi yake majeshi yote mawili yalikuwa yangali yakitazamana, wala hakuna lililotaka kuanza tena.

Hapo ndipo Mfalme alipojaribu mara ya pili. Alimtuma Sir William le Neve, mmoja wa wapiga mbiu wake wakuu, achukue tangazo la msamaha kwa wote watakaoweka silaha chini. Kwa desturi ya vita vya siku zile mpiga mbiu hakuguswa, kama vile mjumbe hauawi. Habari zake ziliandikwa na Edward Hyde, aliyekuwa mtu wa upande wa Mfalme na ambaye baadaye alipewa cheo cha Earl wa Clarendon. Asema kwamba le Neve alipelekwa kwa Essex. Alipoanza kusema kwa sauti ili waliokuwa karibu wapate kusikia, Essex alimkemea vikali, akamwambia kama aupenda uhai wake asithubutu kuwaambia askari neno hata moja. Kisha akarudishwa alikotoka, bila ya kupewa jibu.

Hyde hakumpenda Essex, na yafaa kulikumbuka hilo. Hata hivyo sababu za Essex zaeleweka. Jeshi lake lilikuwa limechoka na kuona baridi, na sehemu yake ilikwisha kukimbia siku iliyotangulia. Tangazo lile lingalisomwa mbele ya mioto ya kambi, nani ajuaye ni wangapi wangalikuwapo jioni? Tena, baba yake Essex alikatwa kichwa mwaka 1601 kwa kumwasi Malkia Elizabeth. Mwana alijua tangu utoto bei ya neno "mwasi".

Siku chache baadaye jambo hilo hilo likatokea kwa namna nyingine. Ngome ya Banbury, iliyokuwa na askari wa Bunge, ilijitoa kwa Mfalme tarehe 27 Oktoba, na wengi wa askari wake wa miguu wakakubali kuingia katika jeshi la Mfalme. Pale hapakuwa na Jemadari wa kusimama katikati.

Ahadi zilizofuata hazikuwa na bahati sana. Mwezi wa Septemba, 1644, huko Lostwithiel katika Cornwall, askari wa miguu wa Essex wapata 6,000 walizungukwa wakajitoa. Essex mwenyewe alikwisha kukimbia kwa mashua. Mfalme aliwapa masharti mepesi: waache mizinga na silaha, waende zao salama. Lakini njiani, katika mvua na matope, waliibiwa na kuvuliwa nguo na askari wa Mfalme pamoja na wenyeji, na wengi walikufa kwa njaa na ugonjwa. Waliopona walipewa silaha mpya, na tarehe 27 Oktoba mwaka ule ule walipigana huko Newbury kwa hasira kubwa, wakaiteka tena baadhi ya mizinga waliyonyang'anywa. Mfalme alitoa neno lake, na askari wake hawakulitii. Hasara ikamrudia yeye.

Charles alishindwa, akahukumiwa, akauawa tarehe 30 Januari, 1649. Mwanawe, Charles wa Pili, alikaa ugenini miaka mingi. Tarehe 4 Aprili, 1660, alitoa tangazo katika mji wa Breda, Uholanzi. Safari hii muda uliowekwa ulikuwa siku 40. Jambo gumu la kuamua ni nani wasisamehewe, hakulishika yeye, aliliachia Bunge. Na kwa askari wa Jemadari Monck, jeshi lile lile lililokuwa adui wa jamaa yake, aliahidi kuwa mishahara yote waliyokuwa wakidai italipwa.

Sheria ya msamaha ilipitishwa tarehe 29 Agosti, 1660. Si wote walioingia ndani yake: mwezi wa Oktoba watu kumi waliohusika na kifo cha Charles wa Kwanza waliuawa. Sheria ilikataza pia, kwa muda wa miaka mitatu, maneno ya kuamsha ugomvi wa zamani, na faini yake ilikuwa paundi 10 kwa mtu mwenye cheo na shilingi 40 kwa mtu wa chini.

Askari nao walilipwa, kikosi baada ya kikosi, wakaenda kwao. Tarehe 14 Februari, 1661, kikosi cha Monck mwenyewe kilipangwa huko Tower Hill, London. Kikaamriwa kuweka silaha chini, kikaziweka. Kisha kikaamriwa kuziokota tena, sasa kikiwa kikosi cha Mfalme.